Kenda ya Pwani, Kianda ya Kisii

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu kauli hii huambiwa mwenye duka, au kijana aliyeachiwa shamba la marehemu baba yake. Leo, msomaji mpenzi, twataka kuitumia kwa mali iliyo kubwa kuliko duka na shamba, nayo ni watu. Na daftari tutakalolifungua si la huku Pwani, bali ni la bara ya mbali, kwenye vilima vya migomba na majani ya chai, Kisii na Nyamira.

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, Kenya ilianza kuwahesabu watu wake. Makarani walipokwisha kupita nyumba kwa nyumba na hesabu kujumlishwa, kaunti ya Kisii ilipata watu 1,266,860, na kaunti ya Nyamira watu 605,576. Magazeti yaliziandika nambari hizo, watu wakazisoma, kisha kila mtu akashika njia yake. Walakini nambari kubwa ni kama sanduku la arusi: ukilitazama kwa nje waona mbao na misumari tu, mpaka ulifungue ndipo ujue lina nini ndani. Basi na tulifungue.

Kwanza tuisome nambari yenyewe, kama anavyoisoma mtu wa Pwani: milioni moja na laki mbili na sitini na sita elfu na mia nane na sitini. Hebu sikiliza vizuri. Moja, mbili na nane ni za Kibantu tangu asili. Sita, sitini, mia na elfu zimetoka kwa Waarabu. Laki imevuka bahari kutoka Bara Hindi. Milioni imekuja na Wazungu. Katika pumzi moja umesafiri kutoka Afrika hadi Arabuni, ukapita Hindi na kuishia Ulaya, wala hukuinuka kitini!

Mkono na vidole vyake

Wakisii wenyewe, ambao kwa lugha yao hujiita Abagusii, wana hesabu yao, nayo si ngeni kwa sikio la Mswahili. Mbili kwao ni ibere, tatu ni isato, nne ni inye, tano ni isano, na kumi ni ikomi. Nani asiyesikia undugu hapo? Ishirini wao husema emerongo ebere, yaani miongo miwili. Nasi tungali twasema mwongo na miongo tukihesabu miaka kumi kumi. Mia kwao ni rigana, na Mkikuyu naye husema igana. Sisi tulipokea mia ya Kiarabu, wao wakabaki na ya mababu.

Pahali tulipoachana njia ni baada ya tano. Mkono una vidole vitano, na mkono ukiisha, kila taifa hufanya lake. Mswahili alipofika sita na saba alichukua maneno ya Kiarabu. Hata siku za juma zinalishuhudia jambo hilo: baada ya Jumatano, ambayo ni ya tano kwa hesabu yetu, huja Alhamisi, ambayo nayo ni ya tano kwa hesabu ya Waarabu, kwa hivyo juma letu moja lina siku za tano mbili. Mkisii hakukopa. Alirudi mkononi mwake: sita ni isano na rimo, yaani tano na moja, saba ni isano na ibere, tano na mbili, nane ni isano na isato, tano na tatu.

Sasa msomaji atangojea tisa iwe tano na nne. La! Tisa haikufuata wenzake. Jina lake ni kianda, nalo ni neno lililosimama peke yake. Na hapa ndipo mtu wa Pwani anapopaswa kutabasamu, kwa maana kianda ndiyo kenda yetu ya zamani, ile tuliyoiacha tuliposhika tisa ya Kiarabu. Haijafa, ingali imejificha katika jina la majirani zetu Wamijikenda, watu wa miji kenda, yaani makaya tisa. Vivyo hivyo saba yetu ya kale ingali hai katika fungate, zile siku saba za bwana na bibi arusi. Kwa hiyo Mgiriama wa Kaloleni na Mkisii wa Keroka, ambao mmoja anakunywa maji ya kisima cha minazini na mwingine ya chemchemi ya kilimani, tisa yao ni moja.

Mizani ya tisa

Hiyo kenda, au kianda, ina kazi kubwa katika hesabu kuliko nambari nyingine chini ya kumi. Wanazuoni wa hesabu wa zama za Kiislamu, waliopokea tarakimu kutoka Bara Hindi na kuzieneza duniani, waliitumia tisa kupimia usahihi wa hesabu zao, na kipimo hicho wakakiita mizani. Namna yake ni nyepesi, hata mtoto wa chuoni aweza kuishika.

Chukua nambari, jumlisha tarakimu zake. Jawabu likiwa na tarakimu mbili, jumlisha tena, mpaka ibaki moja. Tuanze na Kisii: 1 na 2 na 6 na 6 na 8 na 6 na 0 ni 29. Mbili na tisa ni 11. Moja na moja ni 2. Mizani ya Kisii ni 2. Sasa Nyamira: 6 na 0 na 5 na 5 na 7 na 6 ni 29 vilevile! Mizani yake nayo ni 2. Ukizijumlisha kaunti zote mbili wapata watu 1,872,436. Tarakimu zake zinafanya 31, na tatu na moja ni 4. Mbili na mbili ni nne: mizani imekaa sawa.

Kwa nini iwe hivyo? Si uchawi. Katika kila kumi, ukitoa tisa hubaki moja. Katika kila mia, ukitoa 99 hubaki moja. Katika kila elfu, ukitoa 999 hubaki moja. Basi makumi sita huacha sita, mamia manane huacha nane, na kuendelea. Ukijumlisha tarakimu, kwa kweli unakusanya mabaki baada ya kugawanya kwa tisa.

Tuipime kaunti ya Kisii kwa ndani. Wanaume walikuwa 605,784, mizani yake 3. Wanawake 661,038, mizani yake 6. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kenya, hesabu ile iliwaandika peke yao wale ambao vitabu vyetu vya mirathi vimewatengea mlango wao tangu zamani, yaani huntha; Kisii walikuwa 38, mizani yake 2. Tatu na sita na mbili ni 11, na moja na moja ni 2. Ndiyo ile ile mizani ya jumla. Makarani walijumlisha sawasawa.

Lakini usiiamini mizani hii kupita kiasi. Karani akikosea akageuza tarakimu mbili, badala ya 1,266,860 akaandika 1,268,660, watu 1,800 wasiokuwapo wamezaliwa kwa wino, na mizani haitasema neno, kwa sababu 1,800 yagawanyika kwa tisa bila baki. Mizani hushuhudia uwongo mwingi, lakini si wote.

Shufwa, witiri na tasa

Nambari zetu zote mbili ni shufwa, hugawanyika kwa mbili. Shufwa na witiri si maneno mageni kwa msomaji wetu; anayajua kutokana na sala za usiku, na Sura ya Alfajiri imeyataja. Walakini wanahesabu wana daraja nyingine, nayo ni nambari tasa. Tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyinginezo zisizo na mwisho. Kila nambari nzima iliyo kubwa kuliko moja ama ni tasa, ama imejengwa kwa kuzidisha tasa, na ujenzi wake ni mmoja tu, haupatikani wa pili.

Nambari ya Kisii imejengwa hivi: 2 mara 2 mara 5 mara 7 mara 9,049. Je, 9,049 ni tasa kweli? Ili kuhakikisha, yatosha kuijaribu kwa tasa zote kuanzia 2 mpaka 89, maana tasa inayofuata ni 97, nayo 97 mara 97 imeshapita 9,049. Majaribio hayo ni 24, na yote huacha baki. Ukigawanya kwa 13 hubaki 1, kwa 29 hubaki 1, kwa 83 hubaki 2. Imekaribia, lakini haikuingia. Ni tasa.

Nambari ya Nyamira ni 2 mara 2 mara 2 mara 59 mara 1,283. Kwa hiyo watu wa Nyamira ungeweza kuwapanga safu za watu wanane wanane, au za watu 59, asibaki mtu nje. Ukiwapanga saba saba watabaki sita. Watu wa Kisii ungeweza kuwapanga saba saba zikapatikana safu 180,980 kamili, lakini ukijaribu wanane wanane watabaki wanne. Kaunti hizi ni ndugu wa tumbo moja, lakini kigawo kikubwa wanachoshirikiana ni 4 tu.

Na tazama jambo hili. Kisii ina maeneo ya ubunge tisa, na Nyamira ina manne, mengi yakiwa yamebeba majina ya koo za Wakisii: Bobasi, Bonchari, Kitutu, Nyaribari, Mugirango. Ukiwagawanya watu wa Nyamira kwa nne, kila eneo lapata watu 151,394, wala habaki hata mmoja. Ukiwagawanya wa Kisii kwa tisa, kila eneo lapata 140,762, na wanabaki watu wawili. Ndiyo ile mbili ya mizani! Bila shaka hakuna mchora mipaka awezaye kugawa watu kama anayegawa tende, na katiba ya Kenya ya 2010 imelitambua hilo: imeruhusu maeneo ya kawaida yapishane na wastani wa nchi kwa asilimia 30, na kuamuru mipaka ipitiwe tena kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi kumi na miwili. Lakini mji kama Keroka, uliokaa juu ya mpaka wa kaunti zote mbili, unajua vizuri kwamba kuandikwa upande huu au ule si jambo la karatasi tu. Huko ndiko unakoandamana ushuru wa soko.

Eka ishirini na nne

Tukija kwenye kugawa, ndipo hesabu inapoacha kuwa mchezo. Wanazuoni wetu wa mirathi walilijua hilo kabla ya vyuo vikuu vya leo kuwako. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya tisa, alipoandika kitabu chake maarufu cha aljebra, sehemu kubwa aliiweka kwa masuala ya wasia na mirathi. Mafungu ya Qur'ani ni nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, na asili za masuala yake ni 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24.

Tuseme mtu amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, basi suala ni la nane: moja lake, saba limebaki. Mwana huhesabiwa fungu mbili na kila binti moja, jumla tano. Saba haigawanyiki kwa tano, wala hazina kigawo cha shirika. Wafanyaje? Huzidisha nane kwa tano, suala likawa la 40: mke 5, mwana 14, kila binti 7. Arubaini kamili, hakuna aliyekatiwa kipande cha kipande. Hiyo ndiyo elimu ya vigawo, ilikuwa ikifanya kazi misikitini kabla ya kuandikwa ubaoni.

Kwa Wakisii desturi ilikuwa nyingine. Mtu mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, na shamba alilolilima mama lilikuwa la wanawe wa kiume. Tuseme baba ana eka 12 na nyumba mbili zenye shamba sawa, moja ina wana watatu na nyingine wana watano. Wale watatu hupata eka mbili mbili. Wale watano hupata eka moja na sehemu ya tano ya eka. Sheria ya Mirathi ya Kenya iliyoanza kutumika 1981 ilibadili hesabu: huhesabiwa watoto wa nyumba zote, wa kiume na wa kike, na kila mjane aliye hai huongezwa kama kichwa kimoja. Kama watoto ni wale wanane tu na wajane wawili wangali hai, vichwa ni kumi, na kila kichwa ni eka moja na sehemu ya tano. Shamba ni lile lile, watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni nani anayehesabiwa na namna anavyohesabiwa.

Sasa ichukue ile asili kubwa ya masuala, 24, ambayo hugawanyika kwa upole kuliko jirani zake. Mzee wa Kisii ana eka 24 na wana watatu: kila mmoja apata nane. Kila mwana naye apata wana wanne: kila mjukuu ana eka mbili. Kila mjukuu naye apata wana wanne: kila kitukuu ana nusu eka. Vizazi vitatu tu! Nambari iligawanyika vizuri kila mara, hakuna aliyedhulumiwa, hakukubaki baki. Na bado mwisho wake ni nusu eka yenye migomba michache, kipande cha majani ya chai na nyumba. Katika hesabu ya 2019, Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira zaidi ya 650.

Waliobaki wako wapi?

Basi wengine huenda wapi? Hesabu yenyewe inajibu, ukijua kuiuliza. Katika Kenya nzima, waliojiandikisha kuwa Wakisii mwaka 2019 walikuwa 2,703,235. Kaunti zao mbili zina watu 1,872,436 wa kila kabila. Hata tukichukulia kwamba kila mtu aliyelala huko usiku ule alikuwa Mkisii, jambo ambalo haliwezi kuwa, bado watu 830,799 wako nje. Hao ni wachache kabisa wanaowezekana. Kwa hakika ni zaidi. Karibu watatu katika kila kumi wanaishi mbali na kilima cha babu yao. Na Nyamira, iliyokuwa na watu 598,252 mwaka 2009, baada ya miaka kumi ilikuwa imeongezeka watu 7,324 tu.

Tuitie mizani. Tarakimu za 2,703,235 zinafanya 22, mizani 4. Ile jumla ya kaunti mbili ilikuwa na mizani 4. Nne ukitoa nne haibaki kitu. Na tarakimu za 830,799 zinafanya 36, yaani tisa kamili. Waliohama kwao wamegawanyika kwa kianda bila baki.

Tusije tukapiga ramli hapo. Ni sadfa tu, kama ilivyo sadfa kwamba ishirini na nne imetujia mara tatu: asili ya mirathi, majaribio ya 9,049, na, ukihesabu kwa uangalifu, vigawo vyote vya nambari ya Kisii, ambavyo navyo ni 24 barabara. Nambari haijui ni ya nani. Lau usiku ule angezaliwa mtoto mmoja zaidi Kisii, akaandikwa, nambari ingekuwa 1,266,861. Na kwa kuwa nambari mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila moja, vile vigawo vyote, mbili na tano na saba na ile 9,049, vingetoweka kwa pamoja. Mtoto mchanga asiyejua hata kushika titi angeivunja nyumba nzima ya hesabu na kujenga nyingine.

Na hilo ndilo la kuchukua nyumbani, msomaji mpenzi. Unapomwona Mombasa au Malindi kijana wa Kisii anauza ndizi, au anasomesha, au anachonga jiwe la Tabaka kwa ajili ya watalii, usimwone ni mgeni aliyepotea njia. Yeye ni mmoja katika wale 830,799 na zaidi, baki la eka zilizogawanywa kwa haki mpaka zikaisha. Mwulize tisa kwao ni ngapi. Atakujibu kianda, nawe mwambie kenda, kisha muone ni nani atakayecheka kwanza.